Pikapu ya Mkwe Hulia Asubuhi

Jina la mama mkwe wangu sitalitaja, msinilazimishe. Mjini wanamwita Mama Leonsi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hata hilo mimi linanikwama kooni. Sisi tuliolelewa na wazee wa Kifipa wa zamani tunajua: mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani machoni, hawali sahani moja, hawakai pamoja kiti cha mbele cha gari. Ukikutana naye njiani unashuka pembeni, unachuchumaa, unapiga makofi polepole na kusema shikamoo huku unaangalia majani. Naye anaitikia marahaba huku anaangalia kwingine. Kisha kila mtu anakwenda zake, hakuna aliyevunjiwa heshima.

Sasa mtu wa namna hiyo akikuletea gari ulitengeneze, utafanyaje?

Mimi ni Kornel, fundi wa magari, gereji yangu iko Chanji hapa Sumbawanga. Mdomo wangu hauna breki, hilo kila mtu analijua, na hasira zangu ziko karibu. Lakini kazi naiweza. Mafundi wengine wakiletewa gari wanaanza kufungua kila boliti wanayoiona. Mimi nasikiliza kwanza. Nachukua bisibisi ndefu, ncha naigusisha kwenye injini, mpini naubana sikioni, na injini inanieleza yenyewe inapoumwa. Ndiyo maana mjini wamenipa jina la Sikio. "Mpelekee Sikio," wanaambiana. Na mimi jina hilo nalipenda, niseme uongo wa nini. Nilikuwa natembea nalo kifua mbele.

Mama mkwe ana pikapu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Ni kuukuu, imemzidi umri Luciana mke wangu, na rangi yake ya bluu imebaki kwenye milango tu. Anaiendesha mwenyewe, amevaa kitenge na sweta, kilemba kichwani, anateremka nayo hadi bondeni Mtowisa kwenye shamba lake la mpunga na kupanda tena na magunia. Wanawake wenzake wa parokia wakiwa na msiba au ngoma huko chini, yeye ndiye anayewabeba. Ukimwona amekaa kwenye usukani utadhani mkuu wa wilaya.

Leonsi, mwanawe, haipendi kabisa ile pikapu. Ni mnunuzi wa mahindi, ana gari lake zuri, na anaona haya mama yake kuonekana kwenye chuma kile. Kadi ya gari iko kwa jina lake, maana marehemu aliona mtoto wa kiume ndiye wa kuandikishwa. Basi siku moja alilala kwa mama yake, asubuhi akaisikia injini inapiga kelele, akapata sababu. "Mama, injini imekufa hii. Isiponyamaza, naita watu wa skrepa waje waibebe. Wewe umri umekwenda, kaa nyumbani ulee wajukuu."

Mama mkwe alimjia Luciana akamwambia, "Mwanangu, siku pikapu ikiondoka, mimi nitakuwa gunia. Nitakaa barazani nisubiri wa kunibeba. Muulize mumeo kama anaweza kunisaidia."

Luciana alinifikishia akiwa amefurahi, maana mama yake hakuwahi kuniomba kitu tangu tuoane. Mimi ndio kabisa, usingizi uliniruka kwa furaha. Mkwe ananihitaji! Mkwe kasikia sifa za Sikio!

Alikuja mwenyewe, mwezi wa saba, baridi ile ya Sumbawanga inayotoboa sweta. Akaisimamisha nje ya geti, akashuka, akaenda kukaa kwenye benchi la Monika, mama lishe jirani yangu, akanipa mgongo. Nikachuchumaa kwa mbali nikapiga makofi yangu. Kwa kawaida tungemtumia mtu wa katikati, lakini Luciana alikuwa shambani na Monika alikuwa ameenda kuchota maji. Tukakaa hivyo hivyo, yeye na mgongo wake, mimi na majani yangu, mpaka waendesha bodaboda wa pale kijiweni wakaanza kutucheka. Mwishowe mama mkwe akakohoa, akaisemesha pikapu.

"Wewe pikapu, mwambie fundi kwamba asubuhi unalia. Unalia huku mbele, kama mahindi makavu yanatikiswa kwenye debe. Ukishapata moto unanyamaza."

"Pikapu," nami nikasema, "mwambie mama kwamba fundi amesikia."

Jamani! Ugonjwa wote alikuwa ameshausema. Kelele inatoka mbele ya injini, inakuja gari likiwa limelala na baridi, inaondoka oili ikishapanda. Fundi yeyote aliyetulia angesema papo hapo: hii ni cheni ya taimingi, ile cheni inayounganisha krenki ya chini na kemshafti ya juu ili vali zifunguke kwa wakati wake. Ikichakaa inarefuka, inalegea, na kile kikazio chake kinachosukumwa na oili hakifanyi kazi mpaka oili ifike. Mpaka hapo, cheni inajipiga piga ovyo. Lakini mimi nilikuwa sisikilizi maneno ya mama mkwe, nilikuwa nasubiri kusikiliza injini mbele ya watu.

Nikatoa bisibisi yangu, nikaibana sikioni kwa madaha. Pikapu ilikuwa imetembea kutoka Katandala anakoishi mama mkwe, imepata moto wake, inanguruma taratibu. Sikusikia kitu.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mama, sijaisikia, acha gari lilale hapa niliwashe kesho alfajiri. Maneno machache tu. Lakini ningesemaje? Gari likilala, mkwe arudije nyumbani? Mimi kumrudisha haiwezekani. Kumpandisha bodaboda, mama mzima atanue miguu mbele ya mkwewe, haiwezekani pia. Hizo ndizo sababu nilizojipa. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba Sikio hawezi kusema hajasikia, na zaidi asiseme mbele ya mkwe.

"Pikapu," nikasema kwa sauti, "mwambie mama ni tapeti tu. Vali zimelegea. Ni kazi ndogo."

Nikazikaza tapeti zisizo na tatizo, akaondoka. Haikupita muda akarudi. Safari hii Luciana alikuwepo, akatusemea: kelele iko palepale. Nikasikiliza tena, kimya. Nikamwambia Luciana, "Mwambie mama ni oili nzito na baridi yetu hii. Hata mimi asubuhi magoti yananilia." Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Nikabadilisha oili.

Mara ya tatu alikuja na Leonsi.

Ilikuwa Ijumaa, kijiwe kimejaa watu. Leonsi aliegemea gari lake, mikono kifuani. "Haya shemeji Sikio," akasema, "umekaza tapeti, umemwaga oili, na leo asubuhi kelele iko palepale. Sema moja. Unaweza au huwezi? Kesho watu wa skrepa watafika kwa mama."

Nikawasha injini. Nikaweka bisibisi mbele, nikaweka nyuma, nikaweka ubavuni. Inanguruma vizuri tu, kama kawaida yake. Jasho likanitoka na baridi ile. Nyuma yangu nasikia bodaboda mmoja anamwambia mwenzake, "Leo Sikio limeziba." Wakacheka kwa nguvu, na Leonsi akacheka nao.

Mimi bwana nikichekwa huwa sioni mbele. Nikaitupa bisibisi chini. "Shemeji, gari halina kelele!" nikafoka. "Kelele iko kwenye masikio ya mama yako. Uzee huo. Mpeleke hospitali wakamsafishe masikio, mimi ni fundi wa magari!"

Monika aliacha kukoroga uji.

Mama mkwe alikuwa pale benchini, mgongo wake kwetu, hatua chache tu. Hakugeuka. Alijifunga vizuri kitenge, akainuka, akaenda kwenye pikapu yake akawasha akaondoka. Alipita mbele yangu nami nilishindwa hata kuchuchumaa. Leonsi akanipiga bega. "Asante shemeji, sasa hata mama atakubali. Gari bovu na masikio mabovu, vyote vipumzike." Akaingia kwenye gari lake akiwa anapiga mluzi.

"Sikio la kufa halisikii dawa," Monika akasema, na hakusema kwa kunitania.

Nyumbani Luciana hakunipigia kelele. Ningefurahi kama angenipigia. Aliniwekea ugali wa ulezi na maharage, akakaa mbali, akasema, "Baba Evans, mama alikuja kwako kwa sababu alisema wewe ni mkwe wake, huwezi kumtupa. Kesho wanaibeba pikapu yake. Umeiuza kwa mdomo wako." Ugali ukanishinda.

Usiku kucha nilikuwa naisikia ile sentensi ya kwanza aliyoiambia pikapu. Mahindi makavu kwenye debe. Ukishapata moto unanyamaza. Nikaanza kusikia nilichokuwa nimekataa kusikia. Ila sasa nilitaka hakika, na hakika ilikuwa mahali pamoja tu: nyumbani kwa mkwe, alfajiri, pikapu inapowashwa imelala na baridi. Na nyumbani kwa mkwe huendi bila kualikwa, alfajiri ndio usiseme.

Nilikwenda. Kabla ya jua, ukungu umelala juu ya mashamba ya Katandala, miguu inaganda kwenye viatu. Nia yangu ilikuwa kusimama nyuma ya ua wake wa mabua, nisikilize, nirudi kabla sijaonekana. Nimefika tu pale uani, nasikia sauti za wanawake njiani wanakwenda misa ya asubuhi. Wangenikuta nimejibanza nyuma ya nyumba ya mkwe wangu, mwanamume mzima, kwenye giza! Nikaona kibanda cha matete kisicho na paa, nikadhani cha kuni. Nikajitosa ndani.

Wanawake wakapita. Nikapumua. Nikatazama nilipo: jiwe bapa la kusimamia, sabuni kwenye kisahani, jiwe dogo la kusugulia miguu, khanga imetundikwa juu ya tete.

Yesu na Maria. Nilikuwa bafuni kwa mama mkwe.

Kabla sijapata akili ya kutoka, mlango wa nyumba ukalia, hatua zikaenda kwenye pikapu, stata ikanung'unika mara kadhaa, injini ikashika. Nayo ikalia. Karakarakarakara, mbele kabisa, nyuma ya kava, cheni imelegea inapiga chuma. Sikuhitaji bisibisi. Hata kiziwi angeisikia. Kwa kitambo kidogo nilisahau nilipo, nikajikuta nimeshika kichwa nikisema peke yangu, "Cheni! Cheni, mjinga wewe, cheni!" Kisha oili ikapanda, kelele ikapungua, ikafifia, pikapu ikabaki inanguruma taratibu kama vile ninavyoijua kule gereji.

Ndipo nikaelewa jambo la pili. Mama mkwe anawasha gari lipate moto wakati yeye anaoga.

Hatua zilikuwa zinakuja. Nikasikia ndoo ya maji ya moto ikiwekwa chini karibu na mlango wa bafu, nikasikia ndala. Nasema kweli, nilitamani ardhi ipasuke. Nikavuta koti nikafunika kichwa chote, nikageukia ukuta wa matete, nikapiga kelele kwa sauti iliyonitoka kama ya mtoto:

"Wewe pikapu! Mwambie mama asiingie! Mwambie kuna mtu mpumbavu bafuni!"

Ndala zikasimama.

"Pikapu," nikaendelea, koti mdomoni, machozi karibu, "mwambie mama nilikuja kuisikia kelele yake. Nimeisikia. Ni cheni ya taimingi. Si tapeti, si oili, si baridi. Mwambie masikio yake ni mazima. Mwambie mimi ndiye..."

Nikasikia anavuta ndoo kando. "Pikapu," akasema, sauti imekauka, "mwambie aliye bafuni apitie nyuma. Mimi nimegeuka."

Nikasukuma matete kwa mabega yangu, ukuta ukavunjika, nikatoka kama ng'ombe aliyeingia shamba la watu. Nilikimbia kwa kupitia mashamba ya mahindi yaliyovunwa, mabua yananipiga miguuni, uso unawaka moto na baridi yote ile. Na nilipokuwa nakimbia nilikuwa najiambia neno moja la faraja: hatasema. Mama mkwe hawezi kusema kwamba mkwewe alikutwa bafuni kwake. Aibu ni yake pia. Hii imezikwa.

Nilipofika barabarani nikakutana na gari la Leonsi linakuja, nyuma yake lori la watu wa skrepa, minyororo inalia kwenye bodi. Leonsi alipiga honi akanipungia mkono, kama mtu anayekwenda kwenye sherehe.

Ningeweza kwenda nyumbani. Jamani, nilitamani sana kwenda nyumbani. Nilisimama pale na matope kwenye viatu na majani ya mabua kwenye nywele. Nikirudi, itabidi nieleze. Nisiporudi, hakuna atakayejua lolote, nitabaki Sikio, na mama mkwe atakaa barazani akisubiri wa kumbeba. Nililaani ukoo wangu wote, nikageuka.

Nilipofika, watu wa skrepa walikuwa wameshafunga mnyororo kwenye bampa ya mbele. Majirani wamejaa, na Luciana yuko kati yao, amefika kumshika mama yake mkono. Mama mkwe alisimama mlangoni, ameoga au hajaoga sijui, amefunga kitenge, anaangalia mbali.

"Funga breki hapo!" nikapiga kelele. "Leonsi, gari lina ugonjwa na ugonjwa wake unapona. Ni cheni ya taimingi. Injini ni nzima."

Leonsi akacheka. "Jana uliapa gari halina kelele. Leo cheni. Shemeji, lini umeisikia hiyo cheni? Sasa hivi injini inanguruma bila kelele, sote tunaisikia. Au unatafuta kazi ya kufanya kwa mama yangu?"

Watu wote wakanitazama. Mzee wa skrepa, mtu mmoja mnene mwenye kofia ya sufu, akaniuliza, si kwa ubaya, "Eh, fundi. Umeisikia wapi?"

Nilimwangalia Luciana. Nikaangalia chini.

"Hapa," nikasema.

"Hapa wapi?"

"Leo alfajiri. Bafuni."

Loo! Walivyoguna watu wale. Mama mmoja akajifunika mdomo kwa khanga, mwingine akasema "Mungu wangu!" akaondoka zake kwa haraka, kwenda kuwaambia wengine nadhani. Luciana alifunga macho. Leonsi alinijia akiwa amekunja ngumi, na sikuinua mkono, angenipiga angepata haki yake.

"Nilijificha nisikie gari likiwashwa likiwa na baridi," nikasema haraka. "Sikujua kama ni bafu. Sikuona mtu, nilijifunika. Lakini kelele nimeisikia. Mama yako aliisikia tangu siku ya kwanza, akanieleza vizuri kabisa, mimi sikumsikiliza. Jana nilisema masikio yake mabovu. Masikio mabovu ni haya." Na nikayavuta masikio yangu yote mawili mbele ya umati, kama mwanafunzi aliyetiwa adabu.

"Zima injini," mzee wa skrepa akamwambia Leonsi. "Tumwone."

Kazi ni kazi, nikaazima spana za watu wa skrepa. Nikafungua mfuniko wa distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, nikamwonyesha ile rota inayozunguka kwa kufuata mwendo wa kemshafti. Nikaingia chini, nikavika spana kwenye boliti ya puli ya krenki. Nikazungusha mbele kidogo, rota ikaja. Nikarudisha nyuma: krenki inarudi, rota imetulia. Narudisha tena, imetulia tu. Ndipo baadaye sana ikashtuka na kuanza kufuata.

"Mmeona? Krenki inakwenda, juu hakuna habari. Hapo katikati ndipo cheni ilipolegea."

Nikafungua nati ya oili, ikamwagika kwenye beseni, oili niliyoitia mwenyewe juzi juzi. Nikaitafuta kwa vidole mpaka nikavikuta: vipande vyeusi vya plastiki, vile vinavyoiongoza cheni isiguse kava. Vimekatika. "Sasa cheni inapiga kava yenyewe. Ingeendelea, ingetoboa, maji ya rejeta yangeingia kwenye oili, ingekuwa kama chai ya maziwa. Hapo ndipo mngeibeba kwa haki. Au ingeruka meno kwenye kilima cha kutoka Mtowisa, mama na wanawake wote wa parokia nyuma. Badilisheni cheni, plastiki na kikazio, gari litawazika nyote."

Mzee wa skrepa alizigusa zile plastiki, akavua kofia akajikuna. "Huyu hadanganyi. Mimi sibebi injini iliyo hai, italeta laana." Akawaambia vijana wake wafungue mnyororo. Leonsi akatia ufunguo wa pikapu kwenye kiganja cha mama yake, akaingia kwenye gari lake. Mpaka leo bado ananiitikia kwa kidevu.

Mimi nilichuchumaa pale pale kwenye oili, nikapiga makofi kuelekea mlangoni. Mama mkwe alikuwa ameshaingia ndani.

Kosa la namna ile kwetu halilali. Wazee walikaa, nikapeleka kuku jike mweupe na kitenge, nikajenga upya ukuta wa bafu kwa matete mapya, mkwe akiwa amehamia kwa Leonsi mpaka nimalize. Niliumia roho kwa kila tete nililofunga, maana watoto wa jirani walikuwa wananizunguka na kunong'ona. Jioni Luciana akarudi na jibu. Kuku kachinjwa, kaliwa.

"Mama anasema la bafu limekwisha. Macho hayana pazia, na wewe hata macho uliyafunika. Hana kinyongo nalo."

Nilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia. "Basi kesho naiagiza cheni mpya. Nitaifunga kwa mkono wangu, bure kabisa, tena nitaipaka na rangi mpya..."

"Pikapu iko kwa Victor," Luciana akasema.

Victor ni fundi wa ng'ambo ya barabara, kijana, hana jina la utani, gari likimjia anaomba lilale ili alisikilize asubuhi.

"Kwa Victor? Ugonjwa nimeupata mimi!"

Luciana akanijibu, "Mama anasema uliingia bafuni kwa bahati mbaya. Lakini yale ya masikio uliyasema ukiwa umesimama, mchana, mbele ya watu, na yeye yupo."

Nilikwenda nikakaa kwenye kiti cha gari bovu pale gereji mpaka giza likaingia.

Victor aliifunga vizuri ile cheni, nikiri. Sasa kila mama mkwe anapoteremka Mtowisa anapita Chanji asubuhi mapema, kabla injini haijapata moto sawasawa. Akifika mbele ya geti langu anasimama. Hashuki. Anaangalia mbele, mikono kwenye usukani, na kijiwe chote kinanyamaza kusubiri, maana wameshazoea.

"Wewe pikapu," anasema, "muulize Sikio kama anasikia kitu."

Nami naacha spana, nachuchumaa kwenye majani yenye baridi, napiga makofi polepole. Injini yake inanguruma, safi kabisa.

"Pikapu," nasema, "mwambie mama sisikii kitu."

Anaitia gia, anaondoka.